Kabati ya Rangi ya Mayayi

Mwaka 1932, nikiwa na miaka kumi na miwili, baba alikufa na homa, na shida njo ilianza. Alikuwa mtu wa reli hapa Kamina, alitoka mbali, hakutuachia shamba wala ndugu wa karibu. Mama aliuza vitu vya nyumba kimoja kimoja. Cha mwisho kutoka ilikuwa kabati. Nilikuwa nimesoma miaka miwili. Nikaacha, nikaenda kukwangua rangi nzee kwenye viti vya watu. Sisemi hivi ili munionee huruma. Nasema ili mujue kwamba kuchanganya rangi hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza mwenyewe, nyuma ya nyumba, kwa mikebe iliyobakiza kidogo chini.

Kufika 1947 watu walikuwa wananiletea meza na vitanda nyumbani. Dukani kulikuwa na nyeupe, bulu, manjano na nyeusi, basi. Nyekundu niliitoa kwenye udongo wa kichuguu: unausaga, unauchuja na kitambaa mara tatu, unaukoroga ndani ya mafuta ya kitani. Nilijivuna, na nilikuwa na haki.

Mwaka ule nilitaka kuoa binti wa kijiji kimoja kwenye barabara ya Kabongo. Wazee wake walilima pale tangu zamani, na watu wa shamba hawamwamini upesi mtoto wa reli. Nilipeleka mbuzi. Walimpokea, lakini kumpokea mbuzi si kukubali, wakikukataa, wanamrudisha. Aliyezungumza nami alikuwa manseba, ndugu ya mama yake, maana bukwe, yaani mkwe wa kiume, hasemi uso kwa uso na mama mkwe. Nilikaa nimeligeuzia jiko mgongo. Mama wa binti alikuwa mle, nyuma ya ukuta wa matete.

"Manseba," akasema kutoka kule, "ule bukwe anajisifu anajua rangi yote. Anitengenezee kabati. Ya rangi ya mayayi."

"Umesikia?" manseba akaniuliza, kikombe cha munkoyo mdomoni.

"Nimesikia, baba."

Sikusikia. Kwetu mayi ni maji ya kunywa, mayayi ni mayai ya kuku, na yule mama alisema Swahili kwa ulimi wa Kiluba, anameza mwisho wa neno. Mimi nilisikia mayi. Kumwuliza mama mkwe tena, aibu. Kumwuliza manseba, kiburi kilinikataza.

Basi nilitengeneza kabati ya milango miwili, nikaipaka bulu na nyeupe na tone moja la nyeusi, mpaka ikawa kama mto asubuhi. Tuliibeba na rafiki yangu, masaa matatu kwa miguu. Tulipoitua, watu waliizunguka. Halafu sauti ikatoka jikoni:

"Manseba, uliza bukwe: ni kuku gani inazalaka mayayi ya bulu?"

Manseba alicheka mpaka akashika nguzo ya nyumba. Kisha akaacha kucheka.

"Weye, mutoto wa reli. Kama hausikie neno moja ya mama, utamusikia mutoto wake namna gani? Nakupa mpaka Pasaka. Kama hapana, mbuzi yako utaikuta kwa mulango."

Nilitaka kuondoka na hasira yangu. Lakini nilijua nikikosea tena, mke sina. Nikameza kiburi, na hakikuwa kitamu.

"Baba, muulize mama: mayayi ya inje, ao ya ndani?"

Jikoni wanawake walipiga vigelegele vya kunicheka. Manseba akaingia, akarudi na yai moja, lile la kuku wa kijiji, si jeupe wala si jekundu.

"Mama anasema ya inje. Na anasema, leo umeanza kuwa na akili."

Tulirudi na kabati vichwani, mimi na rafiki yangu, na yai ndani ya kofia mkononi mwangu, limezungukwa na pamba. Nyeupe kwanza, hiyo ndiyo sheria. Ukianza na nyeusi ao nyekundu utamaliza mikebe yote. Nikaongeza udongo wa kichuguu kwa ncha ya kisu, na manjano kidogo zaidi. Rangi mbichi inadanganya, kwa hiyo kila jaribio nililipaka kwenye ubao na kungoja likauke. La kwanza lilikuwa mgongo wa mende. La pili, jino la mvutaji tumbako. La tano nilipolikausha, niliweka yai mbele ya ubao, nikarudi nyuma hatua kumi. Sikuliona yai.

Kabla ya Pasaka niliipaka kabati rangi ile juu ya bulu, tukaibeba tena. Niliweka yai juu yake, nikageuza mgongo, nikakaa. Nilisikia miguu ya mama ikitoka jikoni, ikizunguka kabati polepole.

"Manseba," akasema, "uliza bukwe: yai yangu ameiweka wapi?"

Mbuzi wangu hakurudi.

Wenye shule ndefu wananunua rangi ndani ya mkebe na kuipaka vile inatoka. Mimi leo niko na nyumba ya matofali ya kuchoma, vyumba vinne. Shamba la mahindi kwenye barabara ile ya Kabongo. Kinga moja, baiskeli yangu, ninaiendesha bado. Brashi saba. Mke, yuleyule. Watoto sita. Na kabati, maana mama mkwe alipofariki tulirudishiwa. Mlango wa kushoto umekwaruzika, na chini bulu inaonekana. Sijaipaka tena.