Awashonea wengine viti vya safari, mwenyewe akalia ubao

Saa mbili asubuhi, mteja wa kwanza ameshapandishwa juu ya pikipiki yake na hajui aangalie wapi. Kiti kimeng'olewa. Mahali pake pamewekwa mfuko wa nailoni uliojaa unga wa mbao uliolowanishwa maji, naye ameukalia. Mbele yake amesimama mama mfupi mwenye futi ya kitambaa shingoni, anamkagua bila haya.

"Usikae kama uko kwa wakwe, baba," anamwambia. "Kaa kama uko peke yako barabarani. Inama. Shika usukani. Haya, sasa unywe chai yako."

Mteja huyo, fundi umeme ambaye kazi humpeleka miji ya mbali, anakunywa chai ameinama juu ya tangi kama mtu anayechungulia kisima. Kikombe kinapokwisha, anashushwa. Mama anapiga magoti, anawasha tochi na kuanza kuusoma mfuko.

"Unateleza kwenda mbele," anasema. "Ona palivyochimbika hapa. Safari ikikolea, tangi linakubana na viganja vinakufa ganzi. Nimesema uongo?"

"Kweli tupu, mama," anajibu fundi umeme, akijisugua viganja.

Huyu ndiye Mama Godoro, mshonaji wa viti vya pikipiki za mbio, zile zenye usukani wa chini na vikanyagio vya juu ambazo, kwa maneno yake, "zilitengenezwa kwa ajili ya mtu anayekimbizwa." Tatizo ni kwamba wenye nazo wanataka kusafiri nazo mchana kutwa, na mwili una mdomo wake.

Karakana yake ni chumba kimoja nyuma ya duka la vipuri. Kuna cherehani ya kukanyaga, sponji zilizorundikwa hadi darini na kisu kirefu cha mkate ambacho hakijawahi kuuona mkate. Mwezi mzuri hushona viti kumi. Mwezi mbaya hushona vitatu na kutia viraka mikoba ya wanafunzi. Anayatunza makalio ya watu wote hao akiwa amekaa kwenye kigoda cha mbao tupu, kilichong'aa kwa kukaliwa.

Jina la Godoro alilipata kwa kosa. Mumewe, ambaye wenzake humwita Kona kwa jinsi anavyozipenda kona za barabara, alikuwa akisafirisha vifurushi mji hadi mji kwa pikipiki nyekundu ya mbio. Mwaka wao wa kwanza wa ndoa alikuwa akirudi nyumbani na kula chakula amesimama. Mkewe alimwonea huruma, akachana godoro kuukuu na kumshonea kiti kinene.

"Nilimpenda, nikajaza sponji," anasema akicheka. "Kwani mapenzi yanapimwa kwa rula?"

Kona aliondoka akiimba. Njiani sponji ikasinyaa, akabaki amekalia vichwa vya bolti. Alirudi akitembea ametanua miguu, wenzake wakimuuliza kama godoro lilikuwa na kunguni. Jina likanata kwa mkewe, naye hakulikataa.

"Sponji laini ni mwongo," anasema sasa. "Dukani ukiikalia unasema aah. Barabarani inakukimbia. Nzuri ni ile ngumu kidogo, ukiikalia mara ya kwanza unanikasirikia."

Kila mteja huondoka pia na mafundisho, atake asitake. Uzito usiwe viganjani. Tangi libanwe kwa magoti, mikono ilegee kama imeshika ndege. Shuka ujinyooshe kabla hujaumia. Kunywa maji. Na anayesema yeye haumwi, anasema Mama Godoro, huyo hajafika mbali.

Lakini mganga hajigangi. Katika ndoa yao yote, Mama Godoro hakuwahi kusafiri nyuma ya mumewe. Kiti cha abiria cha pikipiki ile ni kidogo kama kipande cha sabuni, na kazi za watu zilikuwa nyingi. Watakwenda siku moja, walisema. Siku moja ikawa miaka.

Sasa siku zimebana. Shingo ya Kona haigeuki vizuri, daktari amemshauri apumzike, na mnunuzi wa pikipiki anakuja mwisho wa mwezi. Imebaki safari moja: siku mbili za barabara kwenda kumwona mjukuu wao wa kwanza. Kona ameapa kwamba bila mkewe nyuma hatoki.

Walijaribu mwezi uliopita. Mama Godoro alijikatia kiti kwa kukisia. "Nani angenisoma mimi?" anauliza. "Nimwite nani aje anipige tochi?" Hata kituo cha mafuta nje ya mji hawakukipita, nyonga ilimwaka moto, akashuka na kugoma kama punda. Dereva wa lori la kabichi akamrudisha nyumbani.

"Nikamwona mume wangu kwenye kioo cha pembeni," anasema, na sauti inashuka. "Pikipiki inayoweza kushindana na upepo inajikokota nyuma ya kabichi, njia nzima, asiniache. Nililia mle ndani ya lori. Dereva akadhani nimefiwa."

Mchana, fundi umeme akiwa ameondoka na kiti chake kipya, Kona anaingia akiisukuma pikipiki yake nyekundu. Ni mzee mrefu, mpole, anayegeuka mwili mzima akitaka kutazama pembeni. Anamwagia maji unga wa mbao, anaukoroga, anaujaza kwenye mfuko na kuuweka mahali pa kiti cha abiria.

"Panda, mke wangu."

"Baba watoto, kuna mgeni!"

"Mgeni ni mwandishi. Aandike."

Anapanda, uso ameuficha kwenye kikombe cha chai. Akishashuka, Kona anachukua tochi, anainama kwa shida na kutazama kwa muda mrefu.

"Unaegemea kushoto," anasema hatimaye. "Kulia kumenyanyuka."

"Mimi? Mwongo wewe."

Kona anaigeuza tochi. Anamulika cherehani, kanyagio lililolika upande wa mguu wa kulia, kisha anamulika kigoda.

"Siku zote unaniambia mgongo, mgongo," anasema polepole. "Nikidhani ni uzee. Kumbe umekalia ubao, mguu mmoja juu, unawashonea watu. Na mimi wa kwanza."

Mama Godoro anafuta macho kwa futi yake. Kona anachukua kisu na kuanza kukata sponji, upande wa kushoto juu kidogo kuliko wa kulia. Anakata vibaya. Mkewe, mikono ikimuwasha, anasimama juu yake: "Unakata sponji au unapasua kuni?" Lakini kisu hamnyang'anyi. Hata mshono anamwachia.

Wanaondoka kujaribu, wakiahidi kurudi kabla chai haijapoa. Chai inapoa. Kivuli cha duka kinavuka barabara na kuanza kupanda ukuta wa pili ndipo pikipiki nyekundu inaposikika.

Walifika kituo cha mafuta?

"Kituo gani?" anauliza Mama Godoro, akivua helmeti. "Ah, kile! Nimekikumbuka tukiwa tumeshafika mtoni."

Anashuka, anatembea hadi mlangoni na kurudi. Amenyooka. Kona anamtazama kama mtu aliyeona mshahara na marupurupu yake yote kwa mpigo.

Jumamosi wataondoka. Mwisho wa mwezi mnunuzi ataichukua pikipiki, lakini kwa nyuma itakuwa na kile kipande cha sabuni ilichokuja nacho.

"Hiki hakiuzwi," anasema Mama Godoro, akikipapasa kiti chake. "Tukirudi nakipigilia pale." Anaonyesha kigoda.

Mshono wa upande mmoja umepinda vibaya, mtu hahitaji kuwa fundi kuuona. Akiulizwa kama ataurekebisha kwanza, anakikumbatia kiti na kukunja uso.

"Uguse uone."