Idhini ya Damu
Juzi nilikuwa katika ofisi moja ya kata huku Kasulu, nikisubiri mhuri. Mtafiti mmoja wa saratani ya damu, mama aliyechunguza seli zinazozaa damu kwa miaka ishirini, alihitaji damu ya watu wenye afya ailinganishe na ya wagonjwa wake. Karani akawasomea wanakijiji fomu ya idhini, kurasa sita. Hakuna aliyesogea. Bila wao, utafiti ungeishia pale.

Bibi mmoja akamwambia yule mtafiti, "Mwanangu, kwetu anayewakaribisha wageni pombe huonja kwanza, wao wakiona."

Mtafiti akacheka, akakunja mkono wa gauni, nesi aliyekuja naye akamchoma sindano. Bibi akachungulia kichupa kikijaa. "Haya, na mimi."

Foleni ikafika mlangoni. Karani akaandika: "Wananchi wameridhika baada ya kusomewa fomu."

Alisoma vizuri, hilo nashuhudia.