Bakuli la Muthokoi Kati ya Mbuzi

Mimi ni msimamizi wa usafi katika kichinjio kimoja hapa Kyuso. Juzi wanunuzi kutoka Arabuni walikuja kukagua kama nyama yetu inafaa kuuzwa kwao, na wafugaji wote wa huku walikuwa wakiomba Mungu tupite. Mwezi mzima niliwafokea watu: hakuna pete, hakuna simu, hakuna chakula karibu na nyama.

Siku hiyo nilibeba bakuli la muthokoi wangu wa mchana, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe. Kwa joto hili ungechacha, nikauficha kwenye chumba cha baridi, nyuma ya mbuzi walioning'inizwa. Wageni walitarajiwa saa nane. Wakafika saa nne!

Ndani ya baridi ile nilitokwa na jasho, nikijaribu kuziba kona moja kwa mwili wangu. Mkaguzi wao akanipita, akainama, akatoka na bakuli langu.

Woga ukanifanya mjinga. "Nani ameweka chakula hapa?" nikawafokea wachinjaji. "Leo anaenda nyumbani!"

Sasa, vyombo vyetu huazimwa kwa harusi za kanisa, kwa hivyo kila mama huandika jina lake chini kwa rangi ya kucha. Mkaguzi akaligeuza bakuli, akasoma polepole: "Mama Mwende. Huyu ni nani?"

Mzee Musyoka, mchinjaji wetu wa miaka mingi, akaninyooshea kidole.

"Ni huyu, mkubwa wetu wa usafi. Na amesema mwenyewe, leo anaenda nyumbani."