Angalau Mmoja Wetu Arudi Kwao

Kinyozi mmoja wa Upper Marlboro, huku Marekani, mtu wa Tanga mwenye mkono mwepesi na mdomo mwepesi zaidi, aliniambia nusu ya kichwa changu ikiwa imeshanyolewa kwamba haski, yule mbwa wa manyoya mazito wa nchi za barafu, akipitisha majira matatu ya baridi bila kulala kwenye theluji ya kufika magotini, anakufa kwa kukumbuka kwao. Akaapa. Kuna jamaa Baltimore alimkuta wake amekauka asubuhi, pua imeelekea kaskazini kama sindano ya dira. Mimi, mwanafunzi wa shule ya jioni, mtu niliyekuwa nakaribia kuimaliza aljebra, niliimeza habari hiyo nzima nzima. Wangu alikuwa amebakiza baridi moja tu.

Nilimpata kupitia jirani yangu hapa Manassas, nesi Mkenya anayefanya kazi usiku na kulala mchana. Mzee wa Kimarekani aliyekuwa akimhudumia alihamia kwa bintiye, mbwa hakutakiwa huko, nesi akaniletea hadi mlangoni. Sikuuliza amezaliwa wapi. Kila mtu ninayemjua huku ametoka mahali, na mahali hapo pana mama yake. Nikaona haski naye lazima awe na kwao, na kwao ni kwenye barafu.

Kumtunza ilikuwa kazi ya wanaume sita. Nikimchana manyoya Jumamosi, yaliyotoka yalitosha godoro la familia nzima, na yaliyobaki niliyakuta kwenye ugali. Julai nilikuwa naweka kiganja juu ya lami kwanza. Ikiniunguza mimi, haendi matembezi. Kumnyoa, daktari wa wanyama alinikataza, alisema manyoya yale yale yanamkinga na jua. Basi nikashusha kipoza hewa hadi nikawa nafanya hesabu zangu nimevaa koti na soksi mbili mbili, yeye amenilalia miguuni, mzito kama gunia la mahindi.

Alfajiri ndiyo iliyonitesa. Nilitoka kwenda ghalani kazini, na kutoka ghalani naunganisha shule. Nikiwasha gari tu, anasimama dirishani, anainua shingo na kulia, sauti ndefu ya kutoa mtu jasho. Nilipima dirisha lile kwa dira ya simu. Kaskazini kamili.

Saa hizo huwa nampigia mama, maana kwetu Njombe ni mchana. Siku moja akamsikia.

"Nani analia hapo?"

Nikamwambia ni mbwa, anakumbuka kwao.

Akauliza, "Na wewe?"

Nikamwambia mtandao unakatika. Nilikuwa na miaka tisa sijarudi. Kwanza makaratasi, halafu shule, halafu nikazoea kusema mwakani.

Baridi ya tatu ikaja na theluji ya hapa, ambayo ni kama chumvi iliyonyunyizwa na mtu bahili. Nikaenda kwenye uwanja wa kuteleza barafuni, nyuma kule wanakomwaga barafu iliyokwanguliwa, nikaomba, nikajaza ndoo kumi na mbili. Nilimjengea mlima uani. Akaunusa, akaukojolea, akarudi ndani kulalia viatu vyangu. Nikajisemea, hana hata nguvu ya kufurahi tena, mwisho umekaribia.

Nilimaliza shule mwezi uliofuata. Joho langu lilikuwa jeusi kwa mbele na la kijivu kwa nyuma, kwa manyoya. Wenzangu walikuja na wake na watoto. Mimi nilikuja na ushahidi kwamba kuna mtu nyumbani. Usiku ule nilimpa kipande cha kuku wa sherehe, nikamtazama anavyolala, nikakata shauri. Kama mimi sijaweza, angalau mmoja wetu arudi kwao.

Rafiki yangu Mkongo, dereva wa lori la masafa, alijua shamba huko Minnesota, kaskazini kabisa, wanakofuga haski wa kuvuta sleji za kuteleza thelujini. Walikubali kumpokea. Nikamfungia brashi yake, blanketi, na fulana yangu moja ya kazini. Alipanda lori kwa furaha, akasogea pembeni ya kiti kunipisha nikae. Nikafunga mlango.

Walipofika Ohio dereva alinipigia. "Ndugu, mbwa yako iko inalia tangu tumetoka."

Nikamwambia mwache, anaimba. Amesikia harufu ya nyumbani.

Wiki mbili baadaye wenye shamba walinitumia video. Theluji mpaka magotini, wenzake ishirini wanakimbizana. Yeye amekaa peke yake langoni, anatazama barabara. Niliiangalia mara elfu moja, na kila mara nilijipongeza. Nyumba nayo ikawa safi. Nikawa napika ugali usio na unywele hata mmoja, na kila siku naubakiza nusu.

Nesi hakuwepo siku zile zote, alikuwa amekwenda Nyeri kwa likizo ya miezi miwili. Aliporudi aliniletea majani ya chai, akachungulia nyuma yangu akauliza yule shemeji wa manyoya amejificha wapi. Nikamweleza kila kitu kwa fahari, kinyozi, dira, ndoo kumi na mbili, lori, nikampa na simu aone video. Aliitazama mpaka mwisho, akairudisha mwanzo, akaitazama tena. Hakucheka.

"Ndugu yangu," akasema, "huyu mbwa alizaliwa hapa Manassas, kwa gereji ya yule mzee. Mimi ndiye nilishika tochi. Na mimi ndiye hulala mchana, nasikia kila kitu. Alikuwa anaanza kulia ukiwasha gari. Ukirudi, ananyamaza."