Punje Mbili za Adventina

Mama yangu, Adventina, anakaribia miaka sabini. Analima migomba na kahawa kijijini Izigo, na kila asubuhi hunipigia simu hapa Kashai kuuliza kama nimefungua duka na kama nimekula, utadhani bado nanyonya. Ungempita sokoni usigeuke. Mimi nikimtazama nastaajabu, na sioni haya kusema.

Mwaka 1978, vita vilipotufukuza Kyaka, alikuwa na miaka ishirini na mbili, nami nina miezi minne, mgongoni kwake. Tulikimbilia kikale, boma la zamani la wafalme huko Muleba. Ufalme ulikwishafutwa, lakini mtu akikimbia hukimbilia mahali anapopajua. Mzee Rugaibula, wa ukoo wa kifalme, alitupokea wote mpaka ndizi za shambani kwake zikaisha. Siku ya tatu maziwa ya mama yalikauka.

Siku hiyo yakaja malori mawili ya unga na maziwa ya kopo, kutoka nchi mbili rafiki zetu. Wajumbe wa nchi hizo nao walikuwa marafiki, kwa maneno yao. Kumbe kila mmoja alitaka lori lake liingie kwanza, isemwe kwamba nchi yake ndiyo iliyoilisha nyumba ya mfalme. Mafahali wawili hawakai zizi moja. Hawa hata mlangoni hawakuenea. Mwalimu Ildefons, mkalimani wao, alisema mpaka sauti ikamkauka. Asubuhi nzima wenye njaa walikaa wakiyatazama magunia.

Mzee akaagiza wageni wapewe akamwani, kahawa kavu ya kutafuna ambayo Mhaya humkaribishia mgeni. Mama ndiye aliyekabidhiwa kijikapu. Badala ya kuwanyooshea wachukue wenyewe, alichagua tunda moja lenye punje mbili, akalipasua, akampa kila mjumbe punje yake. Wakatafuna.

Uwanja mzima ukanyamaza. Kwetu, wanaume wawili wakila punje mbili za tunda moja, kila punje imepakwa damu ya mwenzake, wamechanjiana undugu, na anayemfungia ndugu yake njia amejitakia kifo. Hilo ni jambo la wanaume, mbele ya wazee. Hapa damu haikuwepo, na aliyepasua tunda alikuwa mwanamke mkimbizi mwenye mtoto mgongoni. Wageni wakauliza mbona watu kimya. Ildefons akamtazama mama, jasho likimtoka.

"Waambie, waitu," mama akamwambia kwa neno letu la heshima, "sasa ni ndugu. Gunia la mmoja ni la mwenzake. Hakuna la kwanza."

Ildefons akatafsiri, kisha akamgeukia mzee. Neno moja tu la Rugaibula lingemwaibisha mama na kumtoa kikaleni. Mzee alitafuna kahawa yake polepole, akainamisha kichwa kukubali. Wajumbe wakatazamana, wakapeana mikono. Mbele ya umati ule, nani angerudia habari ya kutangulia? Malori yakaingia sambamba, yakiiparua migomba ya mzee kulia na kushoto.

Mwaka jana, tukimenya ndizi jikoni kwake, nilimwuliza kama hakuogopa laana kwa kuuchezea mwiko wa wazee.

"Niliogopa sana," akasema bila kuinua macho. "Lakini wewe ulikuwa umeacha hata kulia."