Pini Midomoni

Fundi cherehani hubishana na Mungu mchana kutwa, mguu ukikanyaga pedeli, kidole kikinyoosha pindo: "Nimekusikia, Bwana. Wifi nitamsamehe, ila si wiki hii." Akibisha hodi mtu asiyemtaka, fundi hubana pini midomoni ili asipate nafasi ya kuitikia. Jana alikuja wifi mwenyewe na kitambaa cha gauni, baada ya miezi minane ya kununiana. Pini sita zilishabanwa kabla hodi haijaisha. Fundi akatazama juu, akaguna, akazitoa moja moja kama mtu anayeng'olewa meno. "Karibu, wifi yangu. Geuka nikupime." Kisha akanong'ona kuelekea darini: "Haya, umeshinda. Lakini kiuno chake nitakiandika kama kilivyo, simpunguzii hata inchi."