Saruji ya Mgongo wa Bi Nasima

"Nimesema haingii! Mimi ukuta, nipigwe saruji?"

"Mama, punguza sauti. Wagonjwa wenzako wanasikia."

"Na wasikie! Na waliokufa nao wasikie!"

Bi Nasima wa Makorora alikuwa amelala kifudifudi, shavu kwenye shuka, akimgombeza binti yake Tuhfa kwa jicho moja. Mgongo ulimvunjika uani, akiinua ndoo ya maji. Ulilia ko! hata jirani wa nyumba ya tatu akatoka kuangalia nazi iliyodondoka. Picha ikaonyesha pingili moja ya uti wa mgongo imebonyea kama andazi lililokaliwa. Tangu hapo halali, haketi, na akipiga chafya mtaa mzima unasema pole.

Hospitali hii ya kulipia ilikuwa mpya Chumbageni, imefunguliwa juzi juzi baada ya serikali kuwaruhusu watu binafsi kufungua hospitali zao. Daktari mgeni alieleza kwa upole: hapasuliwi mtu. Sindano ndefu inapenya mpaka kwenye pingili, inamimina saruji ya mifupa, inaganda, na jioni mgonjwa yuko kwake.

Lakini Bi Nasima alijua kilichombonyeza, na si ndoo. Ni Wanu, mdogo wake, aliyekufa miaka ile ya dhiki, sukari kwa foleni, sanda kwa kibali, wakamshonea ya mifuko ya unga. Utotoni Pemba alimbeba mgongoni mpaka mtoto akaota magego. Sasa amerudi alipopazoea. Kila Magharibi pumzi yake humgusa shingoni, ya baridi, ina harufu ya udongo ulionyeshewa.

"Wakimimina, anagandia humo humo," alinong'ona. "Mtakuwa mmemjengea mama yako mdogo kaburi ndani ya mtu aliye hai. Siku ya kufufuliwa akinidai njia, nimjibu nini?"

"Kwa hiyo tukuache uteseke hivi hivi?"

"Afadhali. Kumzika mara moja kulinitosha."

Yeye aliyewahi kumpokonya mgambo kirungu kwenye foleni ya mchele, leo alikuwa analowesha shuka kwa machozi.

Bi Nasima akasikia kiti kikisogezwa, kisha sauti ya mwanawe karibu kabisa na mgongo wake, ya aibu, kama ya mtu anayebisha hodi ugenini.

"Mama mdogo Wanu, shikamoo. Nakuomba ushuke. Mama amechoka."

Pangaboi likasimama. Kitanda cha chuma kikalia upande wa miguuni, polepole, kama kinavyolia mtu mzima anapoteremka kwa tahadhari. Uzito ukamtoka Bi Nasima kiunoni. Akageuza shingo bila kuguna.

"Tuhfa," alisema, "mwanangu, ame—"

Mlango ukafunguliwa. Sista Praxeda akaingia na sinia la sindano, akakunja uso.

"Nilisema ndugu mmoja tu humu ndani. Na huyu bibi aliyekaa miguuni, ni nani?"